Modeli yangu inasema chumba cha Manyatta kiko nyuzi 20 alfajiri, kipimajoto kinakataa. Nani anaelewa mionzi ya nje ya nyumba?

JuaLaDunga (Kisumu), Jumamosi saa 3:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Nina shida iliyoninyima usingizi wiki mbili sasa, na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mke wangu akisikia neno "modeli" anatoka nje kuanua nguo ambazo hajaanika.

Nimetengeneza modeli ya nyumba ya kupangisha ya ghorofa moja huku Manyatta, kwa EnergyPlus, ile programu ya kompyuta ya kupiga hesabu ya joto la nyumba. Mwenye nyumba anataka kujua afanye nini ili wapangaji wa juu waache kuhama kila ikifika Januari na Februari. Kabla ya kumshauri nikaona nipime kwanza. Chumba cha juu upande wa nyuma kilikuwa tupu, nikafunga dirisha, nikaacha kirekodi cha joto humo siku 9.

Saa tisa alasiri kipimo kinasoma nyuzi 32.1 kwa wastani, modeli inasema 29.6. Saa kumi na moja alfajiri kipimo 22.7, modeli 19.9.

Ingekosea mchana ikapatia usiku ningejua pa kushika. Hii imekuwa baridi saa zote. Nimeongeza uzito wa kuta: usiku ukapanda, mchana ukashuka zaidi. Nimepunguza hewa inayopenya: haikusaidia sana. Kuta ni matofali ya saruji yaliyopigwa plasta, paa ni mabati geji 30 yasiyopakwa rangi, mapya, mwaka haujaisha, na chini yake kuna dari ya ubao mwembamba. Kitu pekee ambacho sijagusa ni mionzi kati ya nyumba, mbingu na ardhi. Hiyo nimeiacha vile programu ilivyokuja nayo. Kuna aliyewahi kuichimba?

Kisumu_Ndogo, saa 3:52 usiku

Omera, nyumba ya Manyatta ni moto, hata paka anajua. Mwambie mwenye nyumba aweke dari nzuri na madirisha mawili yanayotazamana. Nitumie nusu ya hela uliyopewa.

JuaLaDunga, saa 3:55 usiku

Hela gani? Nimelipwa soda.

MenengaiHewa (Nakuru), saa 4:31 usiku

JuaLaDunga, hapo umefika penyewe. Watu wengi humaliza mwezi mzima wakibadilisha saruji na madirisha huku kosa limekaa nje ya ukuta linawaangalia.

Tuanze na uso wa nje wenyewe. Kila saa programu inasawazisha mambo manne pale: jua linalofyonzwa, joto linalobebwa na upepo, joto linalopenya kwenda au kutoka ndani, na mionzi ya joto ambayo uso unabadilishana na vitu vinavyouona. Hilo la nne ndilo watu husahau kwa sababu halionekani kwa macho. Mabati yako, kuta, barabara, mawingu, vyote vinatoa mionzi hiyo mchana na usiku, na mbingu safi ni baridi kuliko hewa tunayopumua.

Programu inaugawa ulimwengu wa ukuta wako vipande vitatu: ardhi, mbingu na hewa ya karibu. Ukuta uliosimama wima unaona nusu ardhi na nusu mbingu, lakini ile nusu ya mbingu inakatwa tena, maana hewa iliyo karibu na upeo wa macho ina joto karibu na la hewa yetu. Ukuta wima unabaki na kama 0.35 ya mbingu baridi, 0.15 ya hewa na 0.5 ya ardhi. Paa lenye mwinamo mdogo linaona mbingu karibu lote.

Sasa nijibu. Mabati umeyapa emisiviti ngapi, yaani uwezo wa uso kutoa mionzi ya joto? Faili yako ya hali ya hewa, safu ya mionzi ya joto kutoka mbinguni ina nini ndani? Na ile safu ya mawingu? Usinijibu kwa kichwa. Fungua faili uangalie.

FundiGeji30 (Nakuru), Jumapili saa 1:15 asubuhi

Mimi ni mtu wa nyundo, hizi hesabu nawaachia. Lakini kwa kuwa mmetaja mabati na mbingu, wacha niwape yangu mnitolee ushuru.

Mwaka jana niliezeka nyumba mbili kwenye boma moja upande wa Njoro. Ya kwanza mabati meupe ya kawaida, yasiyopakwa rangi. Ya pili mwenyewe akataka ya rangi, ya kijani iliyokolea, ipendeze. Vipimo vilevile, misumari ya boksi moja, mimi mwenyewe juu ya paa. Wiki tatu baadaye napigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi: fundi, nyumba yangu inavuja. Nikauliza, kumenyesha? Akasema hakujanyesha tangu mwezi uliopita.

Nikaenda. Kweli, nyumba ya kijani ilikuwa na matone yamejipanga chini ya mabati kama shanga, kwenye kila mgongo wa bati. Sehemu ya dari ilikuwa haijapigwa, maji yakidondoka kitandani. Nikatembea hatua ishirini nikaingia ile nyeupe. Kavu. Akaniambia nimetoboa vibaya ile ya kijani, na salio langu akalifungia kabatini hadi leo.

Nani anielezee maji ya kiangazi yanatoka wapi?

Kisumu_Ndogo, saa 1:40 asubuhi

Majini, fundi.

JuaLaDunga, saa 4:05 asubuhi

MenengaiHewa, nimefungua faili. Nimecheka kisha nikanyamaza.

Safu ya mionzi ya mbingu ni 9999 kuanzia Januari hadi Desemba, saa zote 8,760. Safu ya mawingu ni 0. Zote. Kulingana na faili hii niliyoilipia, Kisumu haijaona wingu mwaka mzima! Kisumu gani hiyo? Hapa ikifika saa kumi jioni unaangalia upande wa Nandi unaona mbingu imekuwa kama sufuria ya kuchoma mahindi, na mama wa samaki anaanza kukunja turubai.

Emisiviti ya mabati ni 0.9. Sikuiweka mimi, nimeikuta.

MenengaiHewa, saa 4:50 asubuhi

Basi ugonjwa mmoja tumeuona. Hiyo 9999 maana yake ni "hakuna kipimo". Programu ikiikuta inajipigia hesabu yenyewe, kwa joto la hewa, kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) na mawingu. Na mawingu umeyaandika sifuri, kwa hiyo kila usiku nyumba yako imelala chini ya mbingu ya jangwani.

Tuone uzito wake. Fomula ambayo EnergyPlus hutumia usipochagua nyingine ni ya Clark na Allen ya 1978. Emisiviti ya mbingu safi ni 0.787, jumlisha 0.764 mara logi asilia ya joto la umande kwa kelvini (nyuzi zetu za kawaida jumlisha 273) likigawanywa kwa 273. Chukua usiku wa kawaida wa Kisumu, hewa nyuzi 19, umande nyuzi 17. Unapata 0.83. Ni kama mbingu ingekuwa na joto la nyuzi 6 tu, ingawa wewe umelala bila blanketi. Uso uliolala wenye emisiviti 0.9, ukiwa na joto sawa na hewa, unapoteza kama wati 62 kwa kila mita mraba.

Sasa weka mawingu sehemu 8 kwa 10. Emisiviti ya mbingu inapanda hadi 0.92, joto la mbingu linakuwa nyuzi 12 na nusu hivi, na hasara inashuka hadi wati 31. Nusu! Usiku uleule, hewa ileile, nyumba ileile. Ndiyo maana bibi zetu walijua kwamba usiku wa nyota nyingi unataka moto jikoni hadi asubuhi.

Tafuta mawingu ya kweli. Uwanja wa ndege wa Kisumu hutoa taarifa za hali ya hewa zenye mawingu ndani yake, anza hapo. Lakini chunga sana: marubani hupewa mawingu kwa sehemu nane, faili yako inataka sehemu kumi. Mimi niliwahi kuingiza 8 nikidhani ni nane kwa kumi, kumbe mbingu ilikuwa imefunikwa yote.

Na kwa walio huku juu kama mimi, neno moja. Nakuru tuko kama mita 1,850, Kisumu ni 1,130 na kidogo. Hewa iliyo juu yetu ni nyembamba, kwa hiyo mbingu inaturudishia kidogo. Fomula hiyo ya 1978 haina mwinuko ndani yake. Berdahl na Martin mwaka 1984 waliweka marekebisho: kila hektopaskali moja ya shinikizo la hewa chini ya 1,000 unatoa 0.00012 kwenye emisiviti ya mbingu. Kwa Nakuru shinikizo ni karibu 815, unatoa 0.022. Inaonekana kama chenji ya kichana cha ndizi, lakini ni kama wati 7 zaidi zinazotoka kwa kila mita mraba ya paa usiku mzima. Kwa Kisumu ni pungufu ya hapo. Mimi huipiga kwa mkono nikaijaza ile safu ya 9999 mwenyewe, ndipo programu isijitungie mambo.

Chokaa_na_Ubao (Kakamega), saa 6:20 mchana

Nimefurahi kuona uzi huu, wanafunzi wangu huniuliza fizikia inaliwa wapi. Stefan aliipata sheria hii mwaka 1879 kutokana na vipimo, Boltzmann akaithibitisha kwa nadharia mwaka 1884: mionzi inakua kwa kipeo cha nne cha joto, kwa kelvini. Kwa kelvini jamani! Kila mwaka nina mtoto mmoja anayeingiza 30 mahali pa 303 akapata bati linalotoa mionzi kidogo kuliko punje ya mchele.

Ukitaka hesabu ya haraka ya kwenye karatasi, kwenye joto la kawaida letu kila nyuzi moja ya tofauti inasafirisha kama wati 6 kwa mita mraba, kama emisiviti iko karibu na 1. Linganisha na usiku wa Manyatta usio na upepo. Mionzi hubeba sawa na upepo au kuushinda. Ndiyo sababu huwezi kuiacha bila kuigusa.

Kuhusu hiyo 0.9, JuaLaDunga, hapo ndipo ugonjwa wa pili. Inafaa kwa saruji, matofali, vigae, mbao, na hata mabati yaliyopakwa rangi, iwe nyeupe au nyeusi. Watu huchanganya: rangi tunayoiona kwa macho inahusu jua, haihusu mionzi ya joto. Lakini bati tupu lenye zinki inayong'aa ni kitu kingine kabisa, liko 0.2 hadi 0.3. Ukitumia 0.25, zile wati 62 za mbingu safi zinakuwa 17. Mabati yako usiku yamefunga mdomo, hayaongei na mbingu. Mchana ni vilevile: jua lililokwisha kuingia halina mlango wa kutokea isipokuwa upepo, na upepo ukitulia bati linapanda hadi mtu hawezi kuliwekea kiganja.

JuaLaDunga, Jumatatu saa 12:10 jioni

Leo nimepanda na ile bastola ya kupima joto bila kugusa. Saa nane mchana, nikiwa dirishani kwa kile chumba. Nikalenga paa letu pembeni ya dirisha: nyuzi 36. Nikasema ahaa, si moto. Nikanyoosha kidole kuligusa, nikakirudisha nikikipuliza. Nina lengelenge hapa kwenye ncha, ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Kisha nikalenga mabati ya jirani. Chini ya dirisha langu, kama mita moja na nusu, kuna safu ya vyumba vya jirani, paa lake limeshika kutu lote, rangi ya chai. Hapo 60.

Sasa bastola imeharibika ama ni mimi?

Chokaa_na_Ubao, saa 12:45 jioni

Pole na kidole. Bastola nzima. Inahesabu ikidhani kila uso una emisiviti ya 0.95. Bati linalong'aa linatoa mionzi kidogo na sehemu kubwa ya ile uliyoiona ni ya mawingu na nyumba za mbali, imerudishwa kama kwenye kioo. Ulipima mbingu ya Kisumu ukadhani ni paa. Kutu haing'ai, emisiviti yake iko juu, kwa hiyo 60 ile si mbali na ukweli.

FundiGeji30, saa 1:05 usiku

Bandika ile tepu nyeusi ya mafundi wa stima, ngoja dakika tano ishike joto la bati, lenga tepu. Tulifanya hivyo kwa paipu za boila zamani.

JuaLaDunga, Jumanne saa 8:50 mchana

Fundi, wewe ni mwalimu. Kwenye bati 37, kwenye tepu 61. Vipande viwili vinavyogusana!

Sasa swali langu kubwa. Ukuta wa nyuma wa kile chumba unaangalia lile paa la kutu kutwa nzima. Kwa modeli nimelichora kama kivuli tu. Hiyo inatosha?

MenengaiHewa, saa 11:30 jioni

Haitoshi, na huo ndio ugonjwa wa tatu. Kitu ukikichora kama kivuli programu inauondolea ukuta kipande cha mbingu kilichozibwa sawasawa, lakini kitu chenyewe inakipa joto la hewa. Ardhi pia usipoambia kitu inapewa joto la hewa. Kwa nyumba iliyozungukwa na nyasi huko Milimani unaweza kusamehe. Kwa nyumba inayotazama mabati ya nyuzi 60, hapana.

Twende polepole kwa sababu hapa kuna mtego nilioukanyaga mwenyewe. Vitu vyenye joto la hewa, nyuzi 30, vinatuma kama wati 479. Paa la kutu la nyuzi 60, emisiviti 0.8, likituma mionzi yake na kurudisha kidogo ya mbingu, linafika kama 635. Kama ukuta unaliona kwa sehemu 0.3 ya vyote unavyoviona, hiyo ni kama wati 40 za ziada kwa kila mita mraba ya ukuta, alasiri nzima, hata kama jua limehamia upande mwingine.

Mtego ni huu: kama jirani angekuwa na mabati mapya yanayong'aa, yenye nyuzi 61 zilezile, yangetuma pungufu ya 470. Chini ya hewa! Bati lenye joto la kuunguza kidole lisingeupasha ukuta wako kwa mionzi ya joto hata kidogo, ila lingekurushia jua machoni, na hilo lina hesabu yake tofauti. Nilibishana na mtu mwezi mzima kuhusu jambo hili na aliyekuwa amekosea ni mimi.

EnergyPlus ina mahali pa kutaja nyuso jirani. Unaupa ukuta mmoja orodha ya majirani wake, ukitaja kila mmoja anaonekana kwa kiasi gani na joto lake kwa kila saa. Jumla ya mbingu, ardhi na majirani isizidi 1. Usifanye kwa kuta zote, utazeeka. Fanya kwa huo mmoja.

Kisumu_Ndogo, saa 2:20 usiku

Kwa hiyo jirani akipaka paa lake chokaa, mpangaji wa nyumba ya pili anapoa? Na nani atamlipia jirani chokaa?

JuaLaDunga, saa 2:24 usiku

Kwa mara ya kwanza umeuliza swali la maana.

JuaLaDunga, Ijumaa saa 4:15 usiku

Wadau, nimerudi. Nimebadilisha kimoja baada ya kingine nisichanganye.

Mawingu ya kweli peke yake: alfajiri imetoka 19.9 hadi 21.3. Mchana haukusogea sana, 29.9. Emisiviti ya bati 0.25: alfajiri 22.2, mchana 30.9. Jirani wa kutu kwa ukuta wa nyuma: mchana 31.6, alfajiri haikubadilika, na ni sawa, kutu ikipoteza jua inapoa upesi.

Kipimo 32.1 na 22.7. Imebaki nusu nyuzi kila upande. Nimeshinda leo nikiitafuta, nikakumbuka kwamba chumba cha chini yake mpangaji anachemsha maharagwe kwa jiko la makaa kuanzia saa nne. Hiyo siwezi kuilaumia mbingu.

Mwenye nyumba nimemwambia jambo moja: apake hayo mabati rangi nyeupe. Jua litarudishwa, na rangi itafungua ule mdomo usiku. Modeli inasema alasiri itashuka nyuzi 2 na alfajiri karibu nyuzi 1. Ameuliza bei ya rangi akanyamaza. Jirani bado sijamsogelea.

MenengaiHewa, saa 4:40 usiku

Kazi safi. Kwa Kisumu hiyo ni dawa. Lakini asije mtu wa Nakuru akanakili bila kufikiri. Huku usiku wa kiangazi hewa nyuzi 12, umande 8, mbingu safi: paa lenye rangi linapoteza wati 64, bati tupu 18, kabla ya kuongeza zile za mwinuko. Bati lenye rangi linashuka nyuzi 4 au 5 chini ya hewa, tupu pungufu ya 2. Watu wamelala ndani wanapumua, unyevu umepanda juu hakuna dari ya kuuzuia, ukifika kwenye bati lililoshuka chini ya kiwango cha umande...

FundiGeji30, saa 4:43 usiku

Subiri kwanza. Kwa hiyo ya kijani ilitoa jasho kwa sababu ni ya kijani?

MenengaiHewa, saa 4:45 usiku

Kwa sababu ina rangi, fundi. Hata ingekuwa nyeupe ya rangi. Misumari yako haina kosa. Mwambie amalize dari na aache hewa ipite chini ya mabati.

FundiGeji30, saa 4:46 usiku

Salio langu ni shilingi elfu kumi na nne. Hizo wati mbili, 64 na 18, niandikieni kwa karatasi kubwa. Kesho naenda Njoro.